Amkanaye Mamake si Mtovu wa Adabu

Miongoni mwa maradhi ya akili, ni machache yanayowatia jamaa uchungu kama lile linalomfanya mtu amkane mzazi wake. Mgonjwa humtazama mamake, akakiri kwamba sura ni ile ile na hata kovu lipo, kisha akashikilia kuwa huyo siye. Ni mwingine, asema, ila wanafanana kama shilingi kwa ya pili. Imani hii aghalabu huwapata wagonjwa wa skizofrenia, ingawa huweza pia kutokana na jeraha la ubongo.

Mwaka wa 1923, madaktari wa Ufaransa Joseph Capgras na Jean Reboul-Lachaux walieleza habari za mwanamke aliyedai kuwa mumewe na bintiye walikuwa wameondolewa, wakawekwa wengine mahali pao. Tangu hapo hali hiyo huitwa kwa jina la Capgras.

Mimi ni mwanaisimu, si tabibu. Hata hivyo, naona lugha ina sehemu yake katika kutoelewa kwetu. Tunaposema "namtambua fulani", tunatumia kitenzi kimoja, tukadhani kwamba tendo nalo ni moja. Mwaka wa 1990, wanasaikolojia Hadyn Ellis na Andrew Young walipendekeza kwamba ni mawili: ubongo huijua sura kwa njia moja, na huamsha hisia ya mazoea kwa njia nyingine. Njia ya pili ikikatika, macho humwona mama lakini moyo haushuhudii. Mwaka wa 1997, Ellis na wenzake walipima jinsi ngozi za wagonjwa hao zilivyoitikia, wakaona kwamba nyuso zinazojulikana hazikuwagusa zaidi ya nyuso za wageni. Wataalamu wengi huongeza kwamba uwezo wa kuipima na kuikataa dhana isiyowezekana nao huwa umedhoofika.

Kwa nini nayasema haya kwa walimu na wanafunzi? Kwa sababu skizofrenia aghalabu huanza ujanani, na huenda mwalimu au mwenzake wa bwenini akawa wa kwanza kusikia kijana akinena kwamba yule aliye nyumbani si mamake. Wapo watakaosema amerogwa, na wapo watakaosema hana adabu. Usilolijua ni kama usiku wa giza. Kijana huyo hasemi uongo. Anasimulia anavyohisi kweli.

Basi tusibishane naye wala tusimcheke, kwani mabishano hayamponyi na kicheko humzidishia hofu. Wala hofu yake isipuuzwe, maana wapo wagonjwa waliowashambulia jamaa zao wakiwadhania maadui. Tumsikilize, tuwaarifu wazazi upesi, naye afikishwe hospitalini. Dawa zipo, na wengi huwasaidia. Mama aliyekanwa naye aambiwe wazi kwamba mwanawe hajaacha kumpenda, ni mgonjwa.