Mafundi wa Vita: Kisa cha Rufiji, 1914–1916

Mtahiniwa, swali la Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki hujibiwa mara nyingi kwa majina ya majenerali. Wachache hukumbuka mafundi, na hapo ndipo alama hupotea.

Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza huko Zanzibar. Mitambo yake ilipoharibika, ikajificha katika delta ya Rufiji. Vipuri vibovu viliburutwa na wapagazi kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, kisha vikarudishwa vilevile, kwa nguvu za watu.

Waingereza walihitaji ndege ili waione meli hiyo kati ya mikoko. Ya kwanza, Curtiss ya kutua majini, ilikodiwa Durban pamoja na rubani wake. Rejeta yake ilipoharibika, ilifungwa ya gari la Ford kutoka Mombasa! Ndege ikaruka tena, ingawa haikudumu: Desemba ilishuka mtoni, rubani akatekwa.

Februari 1915 zikaja Sopwith mbili, nazo zikashindwa. Usiandike tu kwamba "hali ya hewa ilikuwa mbaya". Msahihishaji anataka sababu. Hewa ikipata joto hutanuka na kuwa nyepesi. Kwa hiyo bawa hupata nguvu ndogo ya kuliinua, na injini nayo huvuta oksijeni kidogo kila mzunguko, hivyo nguvu yake hupungua. Isitoshe, joto na unyevu hulegeza gundi inayoshika mbao. Ndege iliyopaa vizuri Ulaya yaweza kugoma kabisa kuondoka juu ya maji ya Rufiji.

Juni 1915 zililetwa Henri Farman zenye fremu za chuma, zikatumia uwanja wa Mafia. Tarehe 11 Julai mojawapo ilipigwa na mizinga ya Königsberg. Ilipokuwa ikishuka kuelekea mtoni, mtazamaji wake aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha. Siku hiyo meli ikaangamia. Lakini Wajerumani waliopoa mizinga yake 10, na karakana zilezile za Dar es Salaam zikaitengenezea magurudumu ili ipigane nchi kavu. (Wanafunzi wengi huimaliza habari ya Königsberg kwa kuzama kwake. Wewe usifanye hivyo.)

Mwaka 1916 vita vilipoingia bara, malori yalizama kwenye matope ya masika, huku farasi na ng'ombe wakifa kwa ugonjwa wa mbung'o. Lori likikwama, mzigo ulihamia kichwani mwa mpagazi. Ukiulizwa kwa nini Waingereza waliandikisha wapagazi kwa wingi, anzia kwenye lori hilo, kisha taja Kariakoo ya Dar es Salaam, iliyopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi hao.