Kompyuta Kuukuu na Mfumo wa Linux
Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za nyumbani, japo ni nzima, hazikidhi masharti ya Windows 11, mathalani kuwa na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Hivyo baadhi ya familia zimegeukia Linux, mfumo upatikanao bila malipo, ulioanzishwa na Linus Torvalds nchini Ufini mwaka 1991. Linux huweza kuendeshwa kutoka katika flashi pasipo kubadili diski. Kwa njia hiyo printa na sauti hujaribiwa kwanza. Hatari hasa imo katika kuusimika: diski ikifutwa, picha za harusi ambazo hazikunakiliwa kwingine hutoweka pamoja na Windows.