Sukari ya Damu na Mafigo Yetu

Mtu mwenye ugonjwa wa sukari aweza kusema, "Siumwi, nakula, nalala vizuri. Kwa nini munganga anataka mkojo wangu?" Swali hili ni jema, nalo lina jibu.

Kila figo lina vichujio vidogo sana, karibu milioni moja. Vyasafisha damu: uchafu hutoka katika mkojo, vitu vyema hubaki. Sukari ikizidi katika damu miaka mingi, vichujio huharibika. Kwanza hupitisha albumini, protini ya damu ambayo haipasi kutoka. Baadaye makovu huingia, na kovu halichuji.

Makovu haya yatoka wapi? Ndani ya kila chembe ya mwili mna maagizo ya kutengeneza protini. Tena mna wasimamizi wadogo mno, waitwao maikro-RNA. Kazi yao ni kushika agizo na kulizuia, ili protini isitengenezwe kupita kiasi. Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani waligundua wa kwanza katika mnyoo mdogo, wakatangaza habari zake mwaka 1993. Mwaka 2024 walipewa Tuzo ya Nobel.

Katika figo la mwenye sukari, wasimamizi hawa huvurugika. Yule aitwaye miR-29 huzuia nyuzi za makovu. Akipungua, nyuzi huongezeka. Mwingine, miR-21, akizidi huyasukuma makovu mbele. Haya yote hufanyika kimya, bila maumivu.

Wataalamu wanatafuta njia ya kuwapima wasimamizi hawa katika mkojo na damu, ili kujua ugonjwa mapema. Lakini kazi hiyo haijawa kipimo cha kila siku wala dawa ya mafigo. Basi tushike tuliyo nayo:

1. Pimisha albumini ya mkojo na kreatinini ya damu kila mwaka, hata kama huumwi. Presha ipimwe kila ufikapo hospitali.

2. Meza dawa za sukari na presha kama ulivyoagizwa. Usiziache kwa kuwa unajisikia vizuri.

3. Punguza chumvi na vitu vitamu. Usivute tumbako.

4. Usinunue dawa za maumivu sokoni bila kumwuliza munganga. Nyingine zadhuru mafigo.

Figo lililokwisha kujaa makovu halirudi kuwa jipya. Lakini lililoanza tu kuumia laweza kulindwa miaka mingi. Basi, baba, mama, usingoje miguu ivimbe. Lete mkojo wako ungali na nguvu.