Je, Wajua? Injini Ikilia, Sikiliza Inalia Lini

Fundi mzoefu hakuulizi tu gari linaliaje. Anakuuliza linalia lini: asubuhi, ukikata kona, au ukikanyaga mafuta?

Je, wajua kuwa "kwiii" ya asubuhi mara nyingi ni mkanda wa feni unaoteleza? Injini ikiwa inaunguruma, unyunyizie maji kidogo, mikono ikae mbali. Mlio ukikatika kwa muda, huenda puli hazijanyooka. Ukizidi, mkanda umelegea.

Je, wajua kuwa usukani ukiguna unapokata kona, injini huenda haina kosa? Angalia kwanza oili ya pawa stering.

Je, wajua kuwa "tik-tik" ya tapeti huenda polepole kuliko injini yenyewe? Kamshafti inayozisukuma huzunguka mara 1 kila krankshafti inapozunguka mara 2. Chomoa kijiti cha oili upime: oili ikipungua, tapeti ni za mwanzo kulalamika.

Je, wajua kuwa kuna "tik-tik" inayomwaibisha mwenye gari mbele ya fundi? Gasketi ya manifoldi ya eksozi ikipasuka, moshi huvuja injini ikiwa baridi. Chuma kikipata moto hutanuka, upenyo unaziba, gari linafika gereji kimya kabisa. Liache lilale hapo, fundi aliwashe mwenyewe alfajiri.

Je, wajua kuwa bisibisi ndefu hufanya kazi ya kipimo cha daktari? Fundi huigusisha altaneta, kisha wota pampu, mpini ukiwa sikioni. Beringi nzima huvuma, iliyokufa hukwaruza.

Je, wajua kuwa injini ya petroli ikigongagonga ukipanda mlima, huenda mafuta yanajilipua kabla moto wa plagi haujayafikia? Mwaka 1921, Thomas Midgley wa General Motors aligundua kuwa mchanganyiko wenye madini ya risasi huzuia hali hiyo. Sumu yake ilisambaa duniani kote. Algeria ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuacha kuuza petroli yenye risasi kwa magari, mwaka 2021. Siku hizi injini nyingi zina sensa inayousikia mlio huo wa kugonga, kisha cheche inacheleweshwa kidogo.

Je, wajua kuwa dizeli hugonga hata ikiwa nzima? Haitumii cheche: hewa hubanwa mpaka ikapata joto kali, dizeli ikiingia inalipuka yenyewe.

Je, wajua mlio wa kuogopa kuliko yote? Ni "ngo-ngo-ngo" nzito ya chini, inayokazana kila ukikanyaga mafuta. Hizo ni beringi za konrodi. Fundi akikata moto wa plagi moja na mlio ukapungua, silinda yenye ugonjwa imejulikana. Ukiusikia huku taa nyekundu ya oili imewaka, usiseme "nifike tu nyumbani". Egesha, zima, tafuta gari la kukuvuta. Gharama ya kuvutwa haifikii ya injini iliyonoki.