Je, Wajua? Faili Lipo, Programu Ndiyo Iliyohama

Je, wajua kwamba programu ikisasishwa na mipangilio “ikapotea”, mara nyingi hakuna kilichofutwa? Faili liko pale pale, ila toleo jipya linasoma kwengine. Fundi wa Jadida, Wete, kisiwani Pemba, anayetunza seva ya skuli anaweza kulihariri faili asubuhi nzima na seva isimsikie.

Je, wajua kwamba DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaojulikana vyema Zanzibar, uliwahi kubadilisha jina la faili lake kuu? Hadi toleo la 2.23 liliitwa hibernate.properties. Toleo la 2.24, la mwaka 2016, likataka dhis.conf. Kubadilisha jina peke yake hakukutosha, kwani hata mistari ya ndani ilikatwa vichwa: hibernate.connection.url ikawa connection.url. Mfumo hulitafuta faili hilo katika folda inayotajwa na DHIS2_HOME, na usipoiweka, huenda /opt/dhis2.

Je, wajua kwamba Ubuntu 14.04 iliweka mipangilio ya PHP ndani ya /etc/php5, na 16.04 ikaipeleka /etc/php/7.0? Tangu hapo kila toleo lina chumba chake. Ndani ya chumba hicho mna php.ini mbili, moja ya tovuti na moja ya amri za terminali. Amri ya php --ini itakuonesha hiyo ya pili tu, na wengi hunaswa hapo. Ya tovuti iulize kwa phpinfo().

Apache 2.4 nayo? Kwenye Debian na Ubuntu, faili la tovuti lisiloishia na .conf halisomwi. Hakuna kosa linalotangazwa, na tovuti haionekani.

Je, wajua kwamba PostgreSQL mpya ikiwekwa kando ya ya zamani kwenye Debian, hupewa mlango wa 5433 kwa sababu 5432 una mwenyewe? Programu yako itaendelea kuzungumza na ile ya zamani huku wewe ukihariri faili la mpya. Andika SHOW config_file; ukiwa ndani ya hifadhidata, nayo itakutajia faili inalolisoma.

Je, wajua kwamba dpkg ikikuuliza kama ubakishe faili lako au uchukue jipya, kubonyeza Enter tu hubakisha lako? Jipya huwekwa pembeni kwa jina linaloishia .dpkg-dist. Ukikubali jipya, lako hugeuka .dpkg-old. Kwa Red Hat tafuta .rpmnew na .rpmsave. Amri hii huyafichua ya Debian:

find /etc -name '*.dpkg-*'

Umeme nao huvuruga usasishaji. Pemba iliunganishwa na umeme wa Tanga kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010. Kabla ya hapo ilitegemea majenereta ya dizeli. Umeme haujaacha kukatika, na ukikatika katikati ya usasishaji, vifurushi hubaki nusu nusu. Usianze kuhariri chochote kabla ya sudo dpkg --configure -a.

Je, wajua kwamba kompyuta mbili zenye Ubuntu 18.04 zinaweza kusoma mipangilio ya mtandao sehemu tofauti? Iliyowekwa upya hutumia /etc/netplan. Iliyopandishwa kutoka 16.04 inaweza kubaki na /etc/network/interfaces. Mwongozo ulioandikwa kwa moja hautamfaa mwenye nyengine.

Je, wajua kwamba kuanzia Firefox 67, ya Mei 2019, kila usakinishaji una wasifu wake? Alamisho zikitoweka baada ya kuweka kivinjari upya, fungua about:profiles kabla hujamlaumu mtoto aliyekuwa akicheza na kompyuta.

Na programu isipokubali kusema inasoma wapi, iendeshe chini ya strace -f -e trace=openat. Itamwaga mistari mingi. Wewe fuata yenye ENOENT. Hizo ndizo njia ilizopita ikitafuta faili na kulikosa.