Geti Hufungwa Saa Nne

Sheria ya kwanza ya nyumba ninayopanga Kitengela sikuisoma kwenye karatasi. Niliambiwa na keateka, msimamizi wa ploti, Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, kitanda changu kikiwa bado juu ya lori la kanta, miguu yake ikitazama mawingu. "Hapa geti hufungwa saa nne," alisema. "Ukichelewa usipige honi. Piga simu." Kisha akahesabu magodoro kwa macho, akaangalia jiko kama ni la gesi au la makaa, akarudi kumalizia chai yake.

Mkataba wa kurasa mbili nilitia sahihi baadaye, na saa nne haikutajwa humo. Ilitajwa dipositi ya mwezi mmoja, kodi kabla ya tarehe tano, na pesa za rangi nitakazokatwa siku ya kuondoka hata kama kuta nitaziacha nilivyozikuta. Huu ni mwaka wangu wa sita hapa na sijaona watu wakigombana juu ya mkataba. Wanagombana juu ya geti.

Ploti yetu ina nyumba kumi na mbili, upande wa mtaa unaoitwa Milimani, ingawa uwanda wote huu ni tambarare kama sinia. Wapangaji ni Wakamba, Wakisii, Wakikuyu, Waluo, Waluhya, na familia moja iliyotoka Voi. Ndani kwake kila mtu anasema lugha ya kwao. Kiswahili ndicho cha uani, kwenye kamba za nguo na kwenye tangi la maji. Majina halisi hatujuani sana. Mtu ni Mama Shiro, ni Baba Mutua, ni "yule wa nambari tisa". Mimi sina mtoto, kwa hiyo nilikuwa nambari saba kwa miaka miwili, mpaka nilipomlea mpwa wangu kwa muhula mmoja. Siku aliyofika tu nikaitwa mzazi wake, na jina likabaki hata baada ya yeye kurudi kwao.

Kuna adabu ya kuingia na adabu ya kutoka. Unaingia mchana, watu wakuone, waone na vyombo vyako, maana kitu kisichoonekana kinazua maneno. Unatoka mchana pia. Anayehama usiku amejitangaza kwamba ana deni, hata kama alilipa kila senti na sababu ilikuwa tu kwamba mwenye kanta alichelewa. Na kabla ya kuondoka unapita mlango kwa mlango kuaga, ukiacha vile usivyoweza kubeba: ndoo iliyopasuka ukingoni, sukumawiki zilizopandwa kwenye gunia, nusu mfuko wa makaa. Nimeona sukumawiki za gunia moja zikirithiwa na nyumba tatu.

Mwenye ploti ni mzee Mmaasai anayekaa na ng'ombe wake upande wa Kisaju, lakini anayekuja kwetu ni mkewe. Kodi tunatuma kwa simu, hana haja ya kuja kuichukua. Huja hata hivyo, karibu kila mwezi, na shuka yake na mkoba wa shule wa mjukuu ambao ndani yake mna daftari. Mara ya kwanza nilimkimbilia na shida yangu: "Mama, bomba la jikoni linavuja wiki ya pili sasa." Akanitazama. "Tutaona," akasema, akapita. Bomba likavuja wiki ya tatu na ya nne.

Aliyenifundisha namna ya kumwendea ni keateka. Mwezi uliofuata nilimngoja yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, chini ya mgunga ulio karibu na tangi. "Takwenya, yeyo." "Iko," akajibu, na uso ukafunguka. Akauliza habari za mama yangu, za mvua ya kwetu, za kazi, na kama mtoto aliyeonekana kwangu ni wa damu yangu. Nikauliza za ng'ombe. Akasema wamekonda kidogo ila wapo. Tulipofika kwenye bomba ilikuwa ni habari ya mwisho kati ya habari nyingi, na yeye ndiye aliyeitaja: "Na lile bomba lako?" Fundi alikuja kesho yake. Kwa Wamaasai habari ni kitu kinachotolewa kwa zamu, mkubwa kwanza, hakirukwi. Wapangaji wengi wa Kitengela wanadhani wenye nyumba wao ni wazito wa kutengeneza vitu. Baadhi ni wazito kweli. Lakini wengine wanangoja tu kusalimiwa.

Wamaasai ni watu ambao kwao nyumba haikuwa kitu cha kukodisha hata kidogo. Nyumba ya Kimaasai, enkaji, hujengwa na mwanamke, kwa fito, matawi, na samadi ya ng'ombe, na ni yake yeye, si ya mume. Boma zima ndilo enkang. Manyatta, neno ambalo sisi wageni tunalibandika kila kibanda cha udongo, kwao ni kambi ya wamorani. Kuzunguka enkang kuna ua wa miiba, ng'ombe hulala katikati, na katika ua huo kila mwanamume mwenye mji wake ana lango lake. Mke wa kwanza hujenga kulia kwa lango, wa pili kushoto, wa tatu kulia tena. Lango lenyewe, enkishomi, ndilo pia jina la ukoo unaopitia hapo. Kwa hiyo ukihesabu malango umehesabu familia. Ndani ya ua hakuna ukuta kati ya mtu na mtu, na mgeni wa rika la baba mwenye mji hakosi pa kulala. Kulipia usiku? Yeyo alicheka nilipomuuliza hivyo, akafunika mdomo kwa shuka.

Ilikuwaje basi mwanamke aliyekulia katika mji wa namna hiyo akawa na daftari la wapangaji kumi na wawili? Ardhi ya hapa ilikuwa ranchi ya kikundi, chini ya sheria ya mwaka 1968 iliyowapa Wamaasai hati moja kwa watu wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela ikagawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kukafunguliwa eneo la viwanda vya kuuza nje, EPZ, pale Athi River, na wafanyakazi wake walihitaji pa kulala. Vipande vikakatwa tena, vikauzwa kwa kipimo ambacho kila Mkenya anakijua, hamsini kwa mia, yaani futi. Sensa ya mwaka 2009 ilikuta mjini hapa watu 58,167. Ya mwaka 2019 ikakuta 154,436. Ukutani mwa mashamba ya wazi utaona maandishi ya rangi nyekundu yakisema shamba hili haliuzwi, jambo linalokuonyesha ni mengi kiasi gani yameuzwa, mengine bila mwenyewe kujua.

Katikati ya mambo hayo kulikuwa na wapangaji ambao hawakuwahi kutia sahihi. Punda milia, nyumbu na pofu wa Mbuga ya Nairobi walizoea kutoka upande wa kusini, usio na ua, wakatapakaa katika tambarare za Kitengela na Kaputiei wakati wa mvua. Mwaka 2000 ukaanzishwa mpango wa kuwalipia kodi. Mwenye shamba alipewa kama dola 4 kwa ekari kwa mwaka, wakati huo karibu shilingi 300, kwa masharti ya kutoweka ua, kutouza, na kutowaua wanyama. Pesa zilitolewa kwa awamu tatu, zikifuata mihula ya shule, kwa sababu waliobuni mpango walijua karo ndiyo inayouza ardhi. Naupenda mpango huo kuliko mikataba yote niliyowahi kuisoma. Ila hesabu ni hesabu: shilingi 300 kwa ekari nzima, kwa mwaka mzima, haziwezi kushindana na chumba kimoja cha mawe.

Simba nao walikuwa wanapita. Mwezi wa Juni mwaka 2012 sita waliuawa hapa baada ya kuingia katika zizi. Na ni kijana wa huku huku, Richard Turere, aliyeunganisha taa za tochi zikawaka kwa zamu kulizunguka zizi la baba yake, ili simba adhani kuna mtu anatembea. Mwaka 2013 alisimulia jambo hilo mbele ya ukumbi wa TED huko Marekani. Siku hizi ukisimama juu ya paa letu usiku unaona taa za ulinzi mpaka upande wa EPZ, ploti kwa ploti. Simba hawaji tena mtaani kwetu. Taa zimebaki, za watu.

Sikukulia kwenye kodi. Nilizaliwa Magadi, kule chini bondeni ambako ziwa ni jeupe na la waridi na joto linakufuata hadi kitandani. Kampuni ya magadi ilianzishwa mwaka 1911, ikavutiwa reli kutoka Konza, na mji ukajengwa kwa ajili yake. Tangu mwaka 2005 iko mikononi mwa Tata ya India. Nyumba yetu ilikuwa ya kazi ya baba. Hatukuwa na landilodi, hatukuwa na tarehe tano, na geti la mji lilikuwa moja kwa watu wote, pale barabara inapoingia. Maji yaliletwa kwa bomba kutoka miteremko ya Nguruman, maana ya ziwani hayanyweki hata na ng'ombe. Mama alijua cheo cha baba wa kila rafiki yangu kwa kutazama tu safu ya nyumba alikotoka. Baba alipostaafu tulikabidhi funguo kama mtu anayerudisha sare, tukapanda basi. Ndiyo maana mpaka leo nikipigilia msumari ukutani naupiga taratibu, kama mtu aliyealikwa.

Kitengela maji yapo ila yana chumvi. Sabuni haitoi povu, birika linaota ukoko mweupe, na watoto waliokunywa maji ya kisima tangu udogo unawajua kwa meno ya kahawia. Kwa hiyo ya kunywa tunanunua kwa mitungi ya lita ishirini, na ya kufulia yanaletwa na boza. Boza ndilo gari pekee linaloruhusiwa kupiga honi mbele ya geti letu. Likilia, hata mtu aliye na malaria anatoka na ndoo.

Honi hiyo kando, ploti inataka utulivu, ila sisi hatuuiti utulivu, tunauita heshima. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinataka mtaa wa makazi usizidi desibeli 50 mchana na 35 usiku. Sijui nani ameziona desibeli hizo hapa, kuna kanisa la mabati upande mmoja na mahali pa nyama choma upande wa pili. Ila ndani ya ploti mambo yanaendeshwa vingine. Mtu mwenye shughuli, iwe ni ya mtoto kutimiza mwaka au ni mkutano wa matanga, hupita siku mbili mapema akisema, "Jirani, Jumamosi tutakusumbua kidogo." Usiku huo hata spika zikitikisa madirisha hakuna anayelalamika, na asubuhi kila nyumba inapata sahani ya pilau iliyofunikwa. Aliyekosa kupita, hata muziki wake ukiwa wa chini, keateka atapigiwa simu. Nadhani sheria za nchi hazijaingia sana katika mambo yetu. Ile ya kudhibiti kodi bado inahesabu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kwa pesa hizo Kitengela utapata pa kuegesha boda boda.

Jirani yangu wa nambari nne, anayefanya kazi katika shamba la maua upande wa Isinya, alipelekwa Uholanzi wiki tatu kuona waridi zao zinavyouzwa kwenye mnada wa Aalsmeer. Aliporudi tulimngoja uani atusimulie mnada. Yeye akatusimulia mtaa. Nyumba zimeshikana, hakuna ukuta mbele, dirisha la sebuleni ni kubwa kama mlango wa duka, na jioni taa imewashwa, pazia halijavutwa, watu wanakula huku wapita njia wakiwaona. Na kimya, hata mbwa habweki.

"Na wezi?" akauliza Mama Shiro.

"Sikuwaona."

"Na wewe uliwachungulia wakila?"

"Hapana. Kule mtu hachungulii."

Mama Shiro akatikisa kichwa. Akasema pazia la watu hao basi liko ndani ya macho. Akainuka kwenda kufunga madirisha, maana mbu walikuwa wameanza.

Mwezi uliopita mzee mwenyewe alikuja, si yeyo. Alikuwa ametoka harusini Athi River, matatu ilikwama kwenye msongamano darajani, akaona bora alale kwetu, kwa keateka, kuliko kutafuta gari la Kisaju usiku. Ilikuwa imepita saa nne na dakika kama ishirini. Nilikuwa varandani. Nikamsikia akigonga kwa fimbo, mara moja, bila haraka.

"Nani?" akauliza soja. Ni kijana wa kutoka Narok, ana wiki mbili tu kazini.

Mzee akataja jina la ukoo wake kwa Kimaasai.

"Geti limefungwa, mzee. Ufunguo uko kwa keateka."

"Najua. Mimi ndiye niliyesema lifungwe."

Kukawa kimya. Halafu nikaona soja anafungua kidirisha kidogo cha geti, kile cha kutazamia wageni. Akainama, akapitisha kichwa chake mle kwa taabu, kofia ikaanguka upande wa pili. Mkono wa mzee ukatokea gizani, ukamgusa utosini. Soja akarudisha kichwa ndani, akakimbia kumwamsha keateka.