Mtoto Njiti na Joto la Kifua

Leo tunazungumza na wazazi waliopata mtoto kabla ya wakati, yule ambaye wengi humwita njiti. Mama akimwona mara ya kwanza huogopa hata kumgusa. Na kwa miaka mingi hospitali nyingi zilimwacha mama huyo amtazame mwanawe kupitia kioo tu.

Njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, kwa hiyo hupoteza joto upesi. Akipoa, nguvu zake zote huishia kutafuta joto: hanyonyi vizuri, sukari mwilini hushuka, anapumua kwa shida. Mashine ya joto husaidia, lakini mashine ni chache, na umeme ndio huo tunaoujua.

Mwaka 1978, mjini Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey alikabiliwa na shida hiyo hiyo. Watoto walirundikana katika mashine moja na kuambukizana magonjwa. Akaanza kuwakabidhi kwa mama zao, ngozi kwa ngozi.

Inafanywaje? Mtoto huvuliwa, akabaki na nepi, kofia na soksi. Hulazwa wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande ili pua isizibwe. Kisha hufungwa imara kwa kitenge. Mama analala akiwa ameegemea mito, si chali kabisa. Asiyeweza kunyonya hukamuliwa maziwa na kupewa kwa kikombe kidogo au mpira.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kuwa watoto wadogo waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa walipungukiwa na vifo kwa robo, wakilinganishwa na waliosubiri hali itulie kwanza. Shirika la Afya Duniani sasa linashauri saa 8 hadi 24 kwa siku.

Saa hizo ni nyingi, na mama anahitaji kuoga na kula. Baba, bibi au shangazi apokee zamu. Baba, usione haya kufungua shati wodini. Kifua chako kina joto pia. Na muuguzi asipowaambia, muulizeni: "Tunaweza kumbeba lini?"

Nyumbani mnaendelea vivyo hivyo. Akifika karibu kilo mbili na nusu, mwenyewe ataanza kujinyonganyonga na kusukuma kitenge atoke.